Nilimwambia baba "sawa kweli" ili alale, na sikuwa na nia hiyo

mwana_wa_tatu

Wakuu, habari za usiku. Ni saa nane na robo, nimetoka kumpa baba dawa yake, kalala chumba cha pili na mlango nimeuacha wazi ili nimsikie akikohoa. Naomba msinijazie pole, pole ninazo za kutosha. Nataka mtu anibishie.

Baba ana miaka 74. Ni saratani ya kongosho. Ilipogundulika ilikuwa imeshafika kwenye ini, na daktari hakuzunguka: upasuaji hakuna, kazi iliyobaki ni kumtuliza. Tumezaliwa watatu, mimi kitindamimba, na ndiye ninayeishi naye kwa sababu kazi yangu naifanyia nyumbani. Kwa hiyo daftari la dawa ninalo mimi, ufunguo wa kabati ninao mimi, na mofini ya maji nampimia mimi kila saa nne, usiku na mchana.

Wiki tatu zilizopita alikuwa na usiku mbaya kuliko zote. Maumivu yalipolegea alinikamata mkono, si kiganja, hapa kwenye kifundo, kama mtu anayemkamata mwizi. Akasema: "Ufunguo unao wewe. Siku nikikwambia 'basi', unanipimia ya kutosha. Umesikia?"

Nikasema, "Sawa, baba."

"Si sawa ya kubembelezea mtoto. Sawa kweli?"

"Sawa kweli."

Akalala mpaka kukapambazuka, jambo ambalo lilikuwa halijatokea kwa siku nyingi.

Sikuwa na nia hiyo hata chembe. Najua ni kosa la jinai, lakini nisijifiche nyuma ya sheria: hata ningepewa ruhusa yenye mihuri, mkono huu usingefanya. Nilisema sawa kama unavyomwambia mtu aliyening'inia "nimekushika" na wewe hujamshika.

Tatizo ni kwamba hiyo sawa imefanya kazi kuliko dawa. Tangu siku ile ametulia. Ananitania tena. Ameanza kunisimulia mambo ya ujana wake ambayo sikuwahi kuyasikia, pamoja na deni moja alilolikana mbele ya mashahidi (hilo lina uzi wake, siku nyingine). Kila asubuhi analitazama kabati, halafu ananitazama mimi. Alhamisi iliyopita alisema tu, "Bado. Nitakwambia." Akaendelea kunyoa ndevu.

Kwa hiyo siulizi kama kumsaidia mtu kujiua ni halali au haramu, hilo mmelipigania humu mpaka mkachoka. Nauliza hivi: nimwambie kwamba nilimdanganya? Nikimwambia, nampokonya utulivu pekee alionao. Nisipomwambia, huenda siku moja akasema "basi", na kitu cha mwisho atakachokiona duniani ni mwanawe aliyemlaghai, kasimama na kibomba cha dawa mkononi. Na kuna njia ya tatu, ambayo ndiyo inayonikosesha usingizi: afe kabla hajasema. Jana nilijikuta naiombea hiyo. Yaani naomba baba yangu afe haraka ili mimi nisiumbuke.

Bi_Zamu

Mwanangu, mimi ni muuguzi mstaafu. Miaka 31 wodini, 12 ya mwisho kwenye tiba shufaa, yaani ya kuwatuliza wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Kabla ya maadili acha nianze na mambo ya kitandani, maana nimeona maswali makubwa mengi yakiyeyuka baada ya mtu kupata choo.

Anapata choo? Mofini inafunga tumbo, na mzee aliyefungwa siku sita anaweza kuomba kifo kwa sauti ileile ya mwenye maumivu ya saratani. Maumivu yakipenya kabla ya saa ya dawa, ana dozi ya akiba, au anaumia mpaka zamu ifike? Ule usiku mbaya, daktari wake aliambiwa? Cicely Saunders, aliyefungua hospisi (nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa) ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alianzia uuguzi, akawa ofisa wa ustawi wa jamii hospitalini, ndipo akasomea udaktari. Alichosisitiza ni kwamba dawa ifuate saa, isifuate kilio. Mgonjwa akishalia umeshachelewa. Na aliyahesabu maumivu zaidi ya yale ya mwili: yapo ya moyo, yapo ya nyumba na watu wake, yapo ya roho. Ya mwili ndiyo mepesi kuyapima, basi yasikushinde hayo.

Wala usikiogope hicho kibomba. Mofini ikipimwa na kupandishwa kwa utaratibu wa daktari haimuui mtu, inampa nafasi ya kunyoa ndevu. Nimeona watoto wakipunguza dozi kimyakimya kwa hofu ya "kumuua mzee", na mzee akateseka bure. Wewe hupunguzi, au?

Sasa hiyo sawa yako. Niliombwa ulichoombwa wewe, tena si mara moja. Nikajifunza kutosema ndiyo wala hapana upesi. Nilivuta kiti, nikakaa, nikauliza: "Unaogopa kitatokea nini?" Wengi hawakujibu "kifo". Mmoja aliogopa kukosa hewa usiku akiwa peke yake. Mwingine, mwalimu mkuu mstaafu, aliogopa binti yake kumbadilisha nguo. Hilo tulilimaliza kwa kubadilishana zamu tu. Wewe baba yako alikuuliza, ukamjibu, lakini hujui aliuliza nini.

mwana_wa_tatu

Bi Zamu, umenikamata. Choo leo ni siku ya tano. Dozi ya akiba imeandikwa kwenye karatasi ya daktari, nami nimempa mara mbili tu tangu mwezi uanze. Ndiyo, kwa hofu. Kwenye daftari nimekuwa nikiandika "amevumilia", kana kwamba ni sifa yangu. Asubuhi nampigia daktari.

mizani_ya_pembeni

Mkuu, hutaki mjadala wa halali na haramu, lakini ndani ya sheria zenyewe kuna kitu kinakuhusu. Tazama nchi zilizoruhusu mgonjwa asaidiwe kufa. Oregon, Marekani, ambako sheria ilianza kutumika 1997: mgonjwa awe mtu mzima mwenye akili timamu, madaktari wawili wakubaliane kwamba amebakiza miezi sita au pungufu, aombe zaidi ya mara moja, na dawa ainywe mwenyewe. Uholanzi na Ubelgiji, tangu 2002, daktari anaweza kumpa mgonjwa dawa kwa mkono wake, kwa masharti, kisha anajieleza mbele ya kamati. Hilo jukumu hawakumpa mtoto anayelala chumba cha pili.

Na wamelijaribu mahakamani. Mholanzi Albert Heringa mwaka 2008 alimsaidia kufa mama yake wa kambo, mwenye miaka 99, baada ya daktari wa bibi huyo kukataa. Alirekodi kila kitu kwa kamera, akajitangaza mwenyewe. Kesi ilipanda na kushuka ngazi za mahakama kwa miaka, akatiwa hatiani bila adhabu, akaachiwa, na mwaka 2018 akapewa kifungo cha miezi sita kilichoahirishwa. Hiyo ni Uholanzi, nchi inayosemwa imelegea kuliko zote. Kwa hiyo ulichoombwa na mzee, hata kule ungekiombea wakili.

Lakini ngoja, kuna upande wa pili, na huu ndio unaonivutia. Oregon, takriban mmoja kati ya kila watatu wanaoandikiwa ile dawa hufariki bila kuinywa. Wanaiweka kabatini. Na wakiulizwa kwa nini waliiomba, maumivu si sababu wanayoitaja zaidi. Wanataja kupoteza uwezo wa kujiamulia, kushindwa kufanya yale yaliyokuwa yanawapa raha, kupoteza heshima yao. Watu hao walitaka mlango usiwe na kufuli, basi, kisha wakabaki chumbani. Baba yako anafanya kitu hichohicho, ila mlango wake umechorwa ukutani, na mchoraji ni wewe.

Mimi ningeuliza ni mlango gani wa kweli unaoweza kumpa badala yake. Upo mmoja ambao sheria za nchi nyingi zinautambua: haki ya kukataa mashine na matibabu yasiyomsaidia. Karen Ann Quinlan wa New Jersey alipoteza fahamu mwaka 1975 akiwa na miaka 21. Wazazi wake wakaenda mahakamani kuomba mashine ya kupumulia iondolewe, na mwaka 1976 wakakubaliwa. Ikaondolewa, na binti akaendelea kupumua mwenyewe mpaka 1985. Nakumbuka kesi hii kila ninaposikia mtu akisema "kuzima mashine ni kuua". Baba yake hakuomba afe. Aliomba asifungwe kwenye mashine, na saa ya kufa hakuipanga mtu.

kimya_kimya

Nitakuwa mfupi. Mama yangu aliniomba kama baba yako alivyokuomba. Nikasema ndiyo kama wewe. Akafariki siku ya tisa bila kusema neno. Ni miaka sita sasa, nalala vizuri.

Jiulize huo ukweli unaotaka kumpelekea ni wa nani, wake au wako. Wapo watu wanaungama ili watue mzigo, wanamtua nao mtu anayekufa. Akiwa na wiki tatu zilizobaki, mwache na mlango wake wa kuchora.

bosi_mstaafu

Sijui dawa, najua uongo. Nilikuwa na karakana yenye mafundi 23. Jumatatu moja nilitia saini karatasi za kuifunga. Mwanasheria akasema pasitangazwe chochote mpaka mwisho wa mwezi, mashine zisije zikashuka bei. Jumanne fundi wangu wa kuchomelea akaja ofisini, kavua glavu kabisa, akauliza: "Bosi, kazi ipo? Nataka kuchukua mkopo nimalizie nyumba." Nikasema, "Kazi ipo, nenda kajenge."

Sikumdanganya ili nimwibie. Nilimdanganya kwa sababu sikuweza kuutazama uso wake katika dakika ile. Dakika moja! Mkopo alisaini wiki hiyohiyo. Alikuja kunieleza baadaye, bila kelele, kwamba kufukuzwa angesamehe, kila mtu hufukuzwa. Asichosamehe ni kwamba aliniuliza ili apange maisha yake, nami nikampangia.

Kwa hiyo ndugu kimya_kimya, nakuheshimu, lakini uongo wa kumtuliza mtu haukai pale ulipouweka. Mtu anajenga juu yake. Wewe mwana wa tatu, mzee anakwambia "bado". Maana yake anaamini siku ataichagua yeye. Kuna nini amekiweka pembeni akisubiri siku hiyo? Nani hajaagana naye? Kama anapanga kumwita mtu siku moja kabla ya "basi", na hiyo siku moja kabla haipo?

mwana_wa_tatu

Bosi, nimesoma hii mara nne. Kaka yetu mkubwa na baba hawajaongea miaka miwili. Kila nikigusia, baba anasema, "Nitamwita wakati wake." Nilidhani ni ukaidi.

nusu_pafu

Mnamjadili mzee kana kwamba hawasikii, na mimi niko upande wake wa kitanda, kwa hiyo niruhusuni. Saratani ya mapafu, nimeshatolewa moja, lililobaki nalo limeanza.

Nilimwomba mke wangu hilohilo. Akasema hapana, akatoka, nikamsikia analia bafuni huku maji yameachwa yamwagike ili nisisikie. Nilimkasirikia siku mbili. Mnajua hasira ya mgonjwa ilivyo, huna pa kwenda nayo, unaitazama dari. Siku ya tatu nilimwomba kitu kingine, ambacho nisingekifikia kama angesema ndiyo. Kilikuwa kidogo cha kuchekesha: asiwaruhusu watu waje kunitazama nikiwa nimelala. Kumbe hilo lilikuwa linanitesa kuliko nilivyojua. Ukipewa jibu kubwa, maswali madogo unayaacha.

Ila sikubaliani na mtu anayesema lazima aambiwe. Wapo ambao wasingetaka. Unamjua baba yako, sisi hatumjui. Ukiamua kumwambia, usimwambie usiku, na usimwambie amelala. Sisi tukilala tunakuwa wadogo. Mkalishe, dawa iwe imeshaingia, na usilie wewe kwanza.

Halafu hamu ya kufa inakuja na kuondoka, wakuu. Mimi asubuhi naitaka, saa sita naisahau, saa mbili usiku inarudi kama mgeni aliyesahau mwavuli. Msimchukulie mtu neno la saa tisa usiku mkaliandikia muhuri.

Bi_Zamu

Nusu pafu, ungekuwa karibu ningekuletea wanafunzi wangu wakusikilize. Je, wewe mwenyewe daktari wako anajua kuhusu hizo asubuhi? Niambie huko kwenye ujumbe.

mwana_wa_tatu

Siku kumi na moja zimepita. Niliahidi kurudi, nimerudi.

Daktari alikuja, akapandisha dozi kidogo, akaongeza dawa ya choo, akanifokea kwa adabu kuhusu "amevumilia". Siku mbili baadaye baba alikuwa mtu mwingine. Jumapili asubuhi nikamkalisha kwenye kiti cha dirishani, nikasubiri nusu saa baada ya dawa, nikamwambia: "Baba, ile sawa niliyokupa haikuwa ya kweli. Siwezi. Sitaweza hata ukisema basi."

Nilijiandaa kwa hasira, nilijiandaa kwa machozi. Aliangalia kabati muda mrefu, akasema: "Ufunguo mpe dada yako."

Sikumpa. Nilimpigia dada nimwonye, akaanza kulia kabla sijamaliza. Kumbe baba alishamwomba yeye kwa simu, wiki moja kabla yangu. Naye alisema sawa. Kwa hiyo mzee alikuwa na milango miwili, yote ya kuchora. Kaka mkubwa hakuombwa, na alipopata habari alikasirika kwa kutoombwa, jambo ambalo limetuchekesha mimi na dada kwa namna isiyofaa.

Swali la Bi Zamu, anaogopa kitatokea nini, nilimuuliza baba jioni ileile. Hakunijibu. Kesho yake, bila kuulizwa tena, akasema: "Siku kumi na tisa." Nikasema siku kumi na tisa za nini? Za baba mkubwa, marehemu kaka yake, aliyekaa kwenye mashine ya kupumulia siku kumi na tisa akiwa amefungwa mikono yote miwili kitandani asichomoe mpira. Kifo cha baba mkubwa nilikijua. Ya mikono sikuwahi kuambiwa na mtu. Baba ndiye aliyekuwa akikaa naye. Alisema kufa hakumsumbui. Hataki kufungwa mikono.

Mizani, tuliandika. Asipelekwe kwenye mashine, moyo ukisimama asishtuliwe, atulizwe hapa nyumbani, na akikosa hewa apewe dawa ya kumlegeza, ambayo daktari ameshaiacha na maelekezo yake. Baba aliisoma yote neno kwa neno akiwa na miwani, akasahihisha herufi moja ya jina lake, akatia saini iliyotetemeka. Daktari ana nakala, dada ana nakala, moja imebandikwa ndani ya mlango wa kabati.

Nisiwadanganye na ninyi: hajafurahi. Utani umekoma. Ananiita "afisa", kama vile "afisa, dawa", "afisa, dirisha". Kaka anakuja Jumamosi. Baba alisema aje, hakusema zaidi. Na kimya_kimya, swali lako sijalijibu. Nilipotoka chumbani ile Jumapili nilijisikia mwepesi kabisa, na huo wepesi sikuupenda. Sijui nilimtua nani.

Jana usiku aliniita mara mbili. Mara ya kwanza nimgeuzie mto. Mara ya pili aliuliza saa ngapi. Nikamwambia saa saba na nusu.

"Dawa saa ngapi?"

"Saa nane."

"Basi," akasema, nikaganda pale mlangoni, naye akamalizia, "kaa hapa mpaka hiyo saa nane."